Kiti Changu na Benchi la Athumani

Wenzangu mliobaki ofisini mmeniomba niwaandikie niliyoyaona katika miaka yangu ya kuwatafutia kazi askari walioumia vitani. Nimekubali, ila natanguliza jambo moja ili msije mkashtuka katikati ya maelezo: mimi ni mtu wa wivu. Sikuanza jana. Niliwaonea wivu mabwana shamba kwa pikipiki zao, nikawaonea wivu watu wa mradi wa maji kwa gari lao, na kuna mfanyabiashara mmoja wa Mbinga mjini ambaye wivu wangu juu yake umestaafu pamoja nami, na sasa tunakula pensheni moja. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vya kwangu havikuwa vya kumtia mtu kijicho.

Nilizaliwa Kihagara, ufukweni mwa ziwa, na nilipopangiwa Mbinga nilikuwa bado msichana ambaye hakuwahi kuvaa sweta. Siku ya kwanza nilifika ofisini nikitetemeka. Chumba chetu cha ustawi wa jamii kilikuwa upande usiopata jua, nyuma ya ofisi ya kilimo, na mbele ya dirisha langu ndipo mabwana shamba walipokuwa wakiegesha zile pikipiki. Sisi tulikuwa na baiskeli moja ya wawili. Wa pili alikuwa Mzee Kinunda, afisa niliyemkuta, mtu mrefu mwenye sauti ya upole na mate ya ugoro. Nilimwamkia, akaitikia, akafungua droo akanipa futi ya kushonea nguo, ile ya kitambaa.

"Hii ndiyo silaha yako, binti," akasema. "Daktari amekwisha kumpima mtu. Wewe kapime kazi."

Nilidhani ananitania. Baadaye nilimwelewa. Tulikuwa tukienda mahali pa kazi kabla ya kumpeleka mtu, tunapima urefu wa ngazi, upana wa mlango, kimo cha meza, na umbali wa choo. Hilo la choo lishikeni sana. Nimeona watu wa magongo wakiacha kazi waliyoiweza vizuri kwa sababu choo kilikuwa bondeni na kijia chake kinateleza masika, na bosi akaandika kwamba mtu yule ni mvivu. Futi hiyo ninayo hadi leo. Namba zake zimefutika, lakini mimi nazijua.

Wakati huo Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha zamani. Waliopokewa kwa nyimbo na matawi walikuwa wamerudi vijijini, na wale walioacha viungo vyao huko walikuwa wamekaa nyuma ya nyumba. Nasema nyuma ya nyumba kwa maana yake hasa. Ukifika mbele unakuta mke na watoto, unaambiwa baba yupo, halafu unazungushwa hadi nyuma, na huko unamkuta mtu mzima ameketi juu ya gogo anaangalia migomba. Kulima ngolo, yale mashimo yetu ya kwenye miteremko, ni kazi ya miguu miwili na mikono miwili. Asiyeweza kulima ngolo kwa Wamatengo wa huku Mbinga alikuwa hana la kufanya ila kuangalia migomba.

Hapo mwanzo tuliandika barua kwa mashirika na vyama vya ushirika, na barua zilijibiwa. Halafu soko huria likaja. Maduka yakajaa sabuni na sukari, mitumba ikamwagwa hadi barabarani, watu wakafurahi, nami nikafurahi pia kwa sababu nilipata sweta zuri. Lakini wale waliokuwa wakitujibu barua wakaanza kupunguza watu, na kila walipopunguza walianza na watu wetu.

Kabla sijafika kwenye kisa chenyewe, niwaambie la Bwana Hyera wa kwetu Kihagara, maana ndilo lililonionjesha wivu wa kazini. Hyera alipoteza mkono wa kulia. Nilimpatia kazi ya kuuza usipa, hawa dagaa wetu wa ziwani, kwa mama mmoja mwenye chanja za kukaushia. Nilipima chanja, nilipima kimo cha meza, kila kitu kikawa sawa. Wateja wakamkimbia. Alikuwa akiwapa bakuli kwa mkono wa kushoto, na mtu mzima gani atapokea chakula kwa mkono wa kushoto? Wengine walimwonea huruma, lakini huruma yao haikuwafanya wanunue. Nikawaza kumtafutia kazi nyingine. Mzee Kinunda akatelemka nami hadi ziwani, akatazama kidogo, akamwambia Hyera apange usipa mafungu mafungu juu ya turubai, kila mteja ajiokotee mwenyewe. Basi. Hyera aliuza usipa hadi akanunua chanja zake. Mama yangu mzazi, kila nikienda likizo, alikuwa akinisimulia jinsi yule mzee wa Mbinga alivyomsaidia Hyera. Nami nilikuwa nimekaa hapo hapo, nakula usipa wa Hyera.

Nilijiapia kwamba siku moja nitakuwa na langu la kusimuliwa.

Ndipo nikampata Sajini Komba wa kijiji cha Mpepai. Bomu la ardhini lilimkata mguu wa kushoto chini ya goti. Alikuwa na mguu wa bandia wa mikanda ya ngozi, alisoma vizuri, hesabu alizipiga kichwani, na bado alikuwa kijana wa kukata kuni kwa mkono mmoja. Nilizungushwa nyuma ya nyumba nikamkuta kwenye gogo lake kama wengine. Alisimama kunipokea, akiuma meno.

"Mama, mimi sitaki msaada wa blanketi," akaniambia hata kabla sijajieleza. "Blanketi ninazo. Nataka mahali pa kwenda asubuhi."

Mahali hapo nilipapata. Ghala la ushirika pale Mpepai lilihitaji karani wa mizani, wa kupima kahawa wakulima walipoleta magunia. Kazi ya kusimama kutwa, msimu mzima. Katibu wa chama alicheka niliponena jina la Komba. Nikatoa futi yangu. Nilimpima Komba kutoka goti hadi sakafuni, nikapima kimo cha mizani, nikachora kiti cha mninga chenye mikono miwili ya kujiinulia, mgongo ulioegama kidogo, na kibao cha mbele cha kunyooshea mguu wenye maumivu. Fundi seremala wa mjini alikitengeneza akilalamika kwamba hajawahi kuona kiti cha namna ile, kisha akakipiga msasa kikang'aa hata akaona uchungu kukitoa. Akikikalia, Komba aliona jiwe la mizani mbele ya macho yake bila kuinama. Katibu aliacha kucheka.

Nisiwafiche, nilikipenda kiti kile. Wageni walikuja kutoka mkoani kukitazama. Mabwana shamba waliacha pikipiki zao wakakijaribu, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, wao ndio walionionea mimi wivu. Niliona utamu wake.

Msimu haujafika katikati nikaitwa. Kigutu cha Komba kilikuwa kimechubuka hadi kutoa damu, amekosa kazini, na katibu anataka mtu mwingine. Nilikwenda nyumbani kwake nimewaka.

"Hukai, Sajini?"

"Nakaa, Mama."

"Mtu anayekaa hachubuki hivi."

"Nakaa, Mama," akarudia, akaangalia migomba.

Nikafika ghalani bila kutoa taarifa. Foleni ya wakulima ilikuwa ndefu, kila mmoja na magunia yake, na Komba alikuwa amesimama kwenye mizani ameushika ukuta. Kwenye kiti changu walikuwa wameweka kamba za magunia. Nilimfokea mbele za watu kama mtoto, akakaa. Nilipogeuka kuondoka nikasikia mikanda ya mguu wake ikilia. Amesimama tena. Nikaamua kwamba ni ukaidi wa kiaskari, nikaandika hivyo kwenye taarifa.

Msimu ule ule chama kilipunguza watu, na Komba akapunguzwa. Nilikwenda kumwona. Alikuwa kwenye gogo.

"Nimekaa huku miaka mingi, Mama," akasema, "nikatoka. Nikikaa tena mara ya pili, sitatoka."

Hakusema kwa hasira. Mkewe alikuwa nyuma yangu, akaingia ndani asituonyeshe uso. Toka hapo sikulala vizuri. Nilizunguka kwa kila niliyemjua. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kuingia, kila mmoja na bango lake na mizani yake kando ya barabara, nami nikaingia kituo hadi kituo nikimsifia karani wangu. Walinipa soda, kazi hawakunipa.

Kumbe Komba alikuwa amekwisha kuchukuliwa, na aliyemchukua hakuwa ameombwa na mtu. Bwana Athumani mlimjua wengine wenu akiwa mzee. Siku hizo alikuwa mwenye duka la kanga, sabuni na mafuta ya taa pale mjini, babu yake alitokea Kilwa, mtu wa kanzu safi na maneno matamu. Kahawa hakuijua. Aliingia kwenye biashara ile kwa sababu kila mtu alikuwa akiingia. Akafungua kituo Mpepai, akauliza nani hapa anajua mizani, akaambiwa ni Komba, akamwajiri. Hakupima chochote. Hakuchora chochote. Sikuamini hadi nilipokwenda kuona mwenyewe, na nakiri nilikwenda nikitaraji kukuta mambo yameharibika.

Nilikuta benchi. Benchi refu la mbao za kawaida, limeegemezwa ukutani chini ya bati, na wakulima wameketi wamejipanga, wanakunywa chai ya Athumani kwa vikombe vya bati. Vibarua walikuwa wakibeba magunia kutoka kwenye mkokoteni hadi kwenye mizani, na mizani imeelekezwa benchi ili kila mtu aone kahawa yake ikipimwa. Na Sajini Komba alikuwa amekaa. Juu ya kreti la soda, jamani. Amekaa, mguu ameunyoosha, anaita majina, anacheka.

Nikamsogelea. "Hapa unakaaje?"

Akashangaa kwamba nauliza. "Si wamekaa, Mama?"

"Nani?"

"Wazee." Akanionyesha kwa kidevu, polepole, asionekane kuwanyooshea kidole. "Yule mwenye koti ni mkwe wangu. Wale wawili ni wajomba zangu. Kule ghalani walikuwa wanakuja mizanini wamesimama, na gunia lao. Mkwe wangu amesimama mbele yangu, mimi nikae kwenye kiti cha kung'aa namna ile, namwambia shikamoo nimeegama? Ningerudi nyumbani kwa nani? Hapa nawaamkia asubuhi nimesimama. Wakishakaa, nami nakaa."

Ninyi mtasema nilipaswa kulijua hilo, nami nimelelewa kwa kupiga magoti. Lakini ofisini kwangu wazee walinikuta nimekaa na hawakunidai nisimame, maana mtu wa serikali na kiti chake huhesabiwa kitu kimoja. Nilidhani karani naye ni hivyo. Karani wa Mpepai ni mtoto wa Mpepai.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

Komba akafuta jasho. "Ulikuwa umekifurahia sana kiti, Mama."

Athumani akatokea na kikombe cha chai, akanikaribisha. Nikamsifia benchi. Nilimuuliza kama aliliweka kwa ajili ya Komba.

"Komba? Hapana, bibie." Akacheka, akanong'ona kwa kujivuna. "Mwenzangu wa pale chini ana mizani, wa pale juu ana mizani. Mkulima akisimama, jicho lake linatembea, linasoma bango la jirani. Nikimkalisha na kikombe mkononi, ataondoka aende wapi? Benchi hili ni mtego wangu."

Hilo ndilo lililonichoma na linanichoma hadi leo. Angekuwa ameliweka kwa huruma ningemsamehe. Aliliweka kwa sababu ya biashara, wakalifaidi watu wangu bila yeye kujua, nami niliyekesha nikichora nikaonekana mchoraji wa mapambo.

Nilichokifanya baada ya hapo ni kile ambacho ningewashauri mkifanye, ingawa kinauma. Nilirudi ofisini, nikaongeza kipimo kimoja kwenye kazi yangu: baada ya kumpima mtu na kupima kazi, nenda ukaangalie nani atasimama mbele yake. Ni mkwe? Ni mwalimu wake wa zamani? Ni mtu ambaye yeye anapaswa kumpigia goti? Mtu hafukuzwi kazini na mguu uliokatika, anafukuzwa na aibu anayoipata mara mia kwa siku bila kumwambia mtu. Nikaanza kuwaomba wanunuzi wote waweke benchi kwa ajili ya wakulima. Nilisema ni kwa ajili ya biashara, maana hilo walilielewa haraka. Namswea wakaweka, kisha vijiji vingine, na huko ufukweni nikawafanya wenye chanja waweke mikeka. Watu wetu wakaingia kazini mmoja mmoja, na wengi wakabaki. Mahali pote nilipokwenda nikiwa na futi shingoni, walisema, "Mama Ustawi amekuja na lile benchi la Athumani."

Mzee Kinunda alipostaafu nilimlalamikia. Akatema ugoro wake, akaniambia kwamba yeye alimwona mwuza samaki mmoja wa Mbamba Bay akipanga mafungu, ndiko alikoiba la Hyera. Hata hilo nililionea wivu. Yeye aliiba bila kujulikana.

Nilijaribu kumrudisha Komba, mjue. Nafasi ya karani ilitokea halmashauri, kazi ya mwaka mzima, chini ya paa la serikali. Nikapanda Mpepai na habari hiyo kama mchumba. Athumani alikuwepo, akasema tu, "Mwenyewe aamue." Komba akafikiri, akanishukuru, akasema huko mjini hawawajui wakwe zake, lakini wakwe zake nao hawatamwona akifanya kazi. Alitaka waone. Nikamwelewa, na nikamchukia Athumani kwa jinsi alivyokuwa hana wasiwasi.

Bei ya kahawa ikaanguka, wanunuzi wengi wakafunga wakaondoka na mabango yao. Athumani alipunguza vituo, cha Mpepai akakiacha. Nilimngoja kwa miaka amwachishe Komba ili niende kumwokoa. Hakumwachisha. Walizeeka pamoja pale mizanini, na ghala la ushirika likaja kufungwa kabisa. Kiti changu sikukiona tena. Nilidhani kimekwisha kuwa kuni, na mninga unawaka vizuri.

Siku mliyoniaga mlinisifu sana, asanteni. Mkurugenzi akasimulia habari za benchi, akamtaja Athumani jina, akaendelea. Nilipiga makofi pamoja nanyi. Wiki iliyofuata nikapanda Mpepai kumsalimu Sajini Komba, kwa sababu nilitaka mtu mmoja aliyekuwepo wakati wa kiti changu.

Nilijiandaa kuzungushwa nyuma ya nyumba, kwa mazoea tu. Nilipokelewa mbele. Barazani palikuwa na benchi refu, nikalijua, Athumani alimpa siku walipofunga kituo. Komba alikuwa ameketi hapo kati ya wajukuu na majirani, nywele zote nyeupe. Na kando ya mlango, mahali pa heshima, kilikuwepo kiti cha mninga chenye mikono miwili na kibao cha mguu, kimepakwa mafuta kinang'aa kama siku fundi alipokitoa.

"Nilikiomba walipofunga ghala," Komba akasema alipoona nimesimama kama nguzo. "Kilikuwa kiti kizuri, Mama, ila kilikuja mapema. Sasa mimi ndiye mzee. Wananiamkia nimekaa."

Ila siku hiyo hakuwa amekikalia yeye. Alikuwa na mgeni aliyemzidi umri, akampisha. Bwana Athumani alikuwa ameegama kwenye kiti changu, kanzu safi, mguu wake uliovimba kwa kisukari ameunyoosha juu ya kibao nilichokipima kwa futi ya Mzee Kinunda. Kilimkaa utadhani alipimiwa yeye.

"Nani huyo?" akauliza, macho hayaoni vizuri tena.

Baraza zima lilikuwa likiningoja. Yeye amekaa, mimi nimesimama, na umri wake na wangu kila mtu aliujua. Nikainama.

"Shikamoo, Mzee Athumani. Ni Mama Ustawi."

"Marahaba, marahaba!" Akashika mikono ya kiti ajikaze kuinuka kwa furaha.

"Usiinuke," nikamwambia. "Kiti hicho kilitengenezwa ili mtu asiinuke."

"Kumbe. Kizuri sana. Nani alikitengeneza?"

Komba alifungua kinywa. Nikamwahi.

"Mimi."

Athumani akakipapasa polepole, mkono mmoja kisha mwingine, akatikisa kichwa kwa kukisifu. Kisha akanionyesha pembeni.

"Basi karibu ukae, bibie," akasema. "Benchi hilo nililitoa mimi."

Nikakaa.